Nilichong'oa nikidhani ni magugu: miaka yangu na msandali Hombolo

Nianze na hesabu, maana ndiyo watu huniuliza kwanza. Mwaka wa kwanza wa msandali, ule mti wa mafuta ya manukato, ulinila shilingi 6,300,000. Miche 300 kwa shilingi 15,000 kila mmoja, hiyo ni 4,500,000. Kuchimba mashimo 150,000. Samadi 200,000. Boza la maji safari kumi na mbili, kila safari 70,000. Kijana wa kumwagilia miezi sita, 80,000 kwa mwezi. Mbolea na dawa ya mchwa 130,000. Ilipofika Novemba, katika ile miche 300 nilibaki na 61. Gawanya mwenyewe. Mimi niligawanya usiku jikoni kwa mwanga wa simu, mume wangu amelala, na jibu sikumwambia mtu.

Sisi ni watu wa zabibu. Tuna ekari mbili za mizabibu hapa Hombolo, Dodoma, na ekari tatu nyingine tunalima mtama, alizeti au karanga kulingana na mwaka unavyokuja. Msimu wa 2018 mnunuzi alituzungusha: njoo kesho, gari liko njiani, subirini wiki ijayo. Zabibu ya mvinyo haina subira. Nyingine zilikauka kwenye mti, nyingine tuliuza kwa ndoo barabarani kwa bei ya huruma. Na mwaka mmoja kabla ya hapo mama mkwe alikuwa ameumizwa na mbaazi. Mnakumbuka 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei huku kwetu ikaporomoka mpaka watu wakaacha kuvuna. Yeye alivuna, akajaza magunia, akayafungia stoo akisema kuna siku. Magunia hayo yawekeni akilini, nitayarudia.

Kwa hiyo niliposikia kuna semina ya "miti ya dhahabu" kwenye ukumbi mmoja mjini, nilikuwa mtu mwenye njaa anayesikia harufu ya nyama. Kiingilio 20,000, chai na maandazi ndani yake. Kijana mtanashati akaonyesha picha za magogo ya msandali, akasema kila mti utatoa kilo kadhaa za kiini, ile sehemu ya ndani yenye mafuta, baada ya miaka 12, akazidisha kwa bei ya kilo, akazidisha kwa miti 300 ya ekari moja. Ukumbi mzima tukanyamaza. Nikiitazama leo hesabu ile naona tundu lake: haikuwa na mti hata mmoja uliokufa. Haikuwa na maji, mlinzi, wala mbuzi wa jirani. Na aliyekuwa akitufundisha ndiye huyohuyo aliyekuwa akituuzia miche mlangoni.

Pesa nilizitoa wapi? Hapa ndipo naona aibu, lakini nimeapa kusema. Milioni mbili nilikopa kwenye kikoba chetu, kwa riba ya asilimia kumi. Zilizobaki nilizichota kwenye fedha tulizoweka kwa ajili ya ada ya chuo ya kijana wetu wa kwanza. Mume wangu nilimwambia miche ni ya mkopo, nitalipa polepole. Alipokuja kujua hakufoka. Alinyamaza wiki nzima, akawa anaamka mapema kwenda shambani peke yake. Afadhali angefoka.

Mama mkwe yeye alicheka. Baba yake aliwahi kufanya kibarua cha kufyeka vichaka Kongwa, wakati Waingereza walipoleta matrekta mwaka 1947 kulima karanga kwa maelfu ya ekari bila kuujua vizuri udongo wala mvua ya huku. Kufika 1951 mpango ulikuwa umefungwa, vyuma vimebaki porini. Alipoiona miche yangu ikishushwa kwenye guta aliizunguka mara moja, akauliza bei, akasema, "Haya mwanangu, karanga za Kongwa hizo." Jina likabaki. Mpaka leo akitaka kunituma shambani ananiambia nipite kwenye karanga zangu.

Miche ilifika mapema Januari 2019, siku mbili baada ya mvua nzuri. Ilikuwa na afya, urefu wa kama futi moja. Ila kwenye kila kiriba, kile kifuko cha udongo cha kitaluni, pembeni ya mche, palikuwa na kijimmea kinachotambaa, majani madogo, kimejaa kweli. Mimi mtu wa zabibu nimefundishwa kwamba shamba safi ndiyo heshima ya mkulima. Nikawaita watoto watatu wa jirani, wakakaa chini ya mti, wakang'oa vile vijimmea kwenye viriba vyote 300. Niliwalipa soda moja moja. Nakumbuka niliipiga picha miche ikiwa imepangwa safi kabisa, nikamtumia dada yangu Morogoro.

Nikaipanda ekari nzima, tatu kwa nne mita, shamba likiwa jeupe kama ua lililofagiwa. Visiki vyote vilivyokuwa vinachipua niling'oa, isipokuwa kwenye kona moja ambayo vibarua waliishiwa nguvu. Mama mkwe akaja na kopo lake la mbaazi zile za stoo, akasema pembezoni pote pako wazi, ardhi inalala bure. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, msandali hautaki kuchanganywa." Aliitikia vizuri kabisa. Kisha nilipokwenda mjini siku mbili kwa mambo ya kikoba, akapanda mstari mzima wa mpaka wa mashariki. Niliporudi nikakuta vishimo vimeshafukiwa. Nilikasirika moyoni, mdomo nikaufunga. Mama mkwe ni mama mkwe.

Hadi Aprili mambo yalikwenda. Dodoma mvua ni moja tu kwa mwaka: ikianza Desemba, mwishoni mwa Aprili imekwisha, kisha miezi saba ya vumbi na upepo. Mei majani yakaanza kuwa ya manjano. Nikadhani ni njaa, nikaweka urea. Yakazidi. Nikadhani ni kiu, nikaleta boza. Mche unapata lita tano asubuhi, jioni umekunja majani kama mgonjwa wa malaria. Nilimpigia aliyetuuzia. Mara ya kwanza alisema niongeze samadi, mara ya pili alikuwa safarini, mara ya tatu namba haipatikani. Kila asubuhi nikawa nahesabu. Kuna kipindi niliacha kuhesabu, nikawa namwuliza kijana wa maji tu, naye akawa ananidanganya kwa huruma.

Aliyenifumbua macho ni bwana misitu mmoja kijana, nilikutana naye kwenye msiba. Novemba akaja na pikipiki yake. Akaniamkia, akatembea mstari mmoja, akasimama, akageuka. "Mama, jirani wa mti huu yuko wapi?"

Sikumwelewa. Akaomba jembe dogo, akachimbua mche uliokufa taratibu, kwa vidole zaidi kuliko kwa jembe. Mizizi ilikuwa michache, mitupu. Kisha akanipeleka kwenye mpaka wa mashariki, kwenye mibaazi ya mama mkwe, akachimbua pembeni ya msandali uliokuwa mzima. Akaufuata mzizi mpaka ulipoukuta mzizi wa mbaazi, akaupangusa udongo. Pale ulipogusa palikuwa na kitufe kidogo, kimeng'ang'ania kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Akanieleza: msandali ni nusu kimelea. Kwenye majani yake unajipikia chakula kama mti mwingine wowote, lakini maji na virutubisho vingi vya udongoni unakopa kwenye mizizi ya jirani. Bila mwenyeji, yaani huyo jirani wa kukopwa, utaishi miezi kadhaa kwa akiba ya mbegu na ya kiriba, kisha unadumaa na kufa, hata ungeumwagia bwawa zima la Hombolo. Nikamwuliza kuhusu vile vijimmea vya kwenye viriba. Akafumba macho kidogo. Wenye vitalu vizuri huotesha mmea mdogo wa jamii ya mchicha ndani ya kiriba makusudi, ndiye mwenyeji wa kwanza, mche unaanza kunyonya hapo kabla haujafika shambani. Kwa hiyo muuza miche, pamoja na yote niliyosema juu yake, hilo alilifanya sawasawa. Hakutwambia tu ni la nini. Na mimi nililipa soda tatu kuling'oa.

Tukahesabu pamoja. Katika 61 iliyopona, 47 ilikuwa kando ya mibaazi. 14 ilikuwa kwenye ile kona ambayo vibarua walichoka, katikati ya visiki vya mgunga vilivyochipua. Katikati ya shamba, palipokuwa safi kuliko pote, hakuna hata mmoja. Mama mkwe alipoambiwa hakunicheka. Aliuliza tu kama aongeze mstari wa pili.

Sikupanda tena mwaka uliofuata, na huo ndio uamuzi mmoja ninaojivunia. Msimu wa 2019 kuamkia 2020 nilipanda wenyeji peke yao. Mbaazi kwanza, kwa sababu inaota upesi, mbegu ilikuwa bure stoo, na unavuna wakati unasubiri. Lakini mbaazi inachoka baada ya miaka miwili, mitatu, kwa hiyo katikati yake nikaweka mwenyeji wa kudumu: migunga, mbegu tulizookota wenyewe, tukaziloweka kwenye maji ya moto usiku kucha ili ganda lilegee. Visiki vya asili nikaviacha vichipue, nikabakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka kwa kila kisiki na kupunguza mengine. Mkoani kwetu wengi wanaijua kazi hii kwa jina la kisiki hai, nami nilikuwa nimeipuuza nikiona ni ya watu wasio na pesa ya miche. Mti uliokwisha kuwa na mizizi chini haukuombi boza.

Januari 2021 nikapanda miche 120, safari hii 8,000 kwa mmoja, kwenye kitalu ambacho nilikitembelea mara mbili na kuwauliza maswali mpaka wakachoka. Mche nausogeza nusu mita hadi mita moja kutoka kwenye mbaazi, na mgunga usizidi mita mbili. Kimmea cha kwenye kiriba kinakwenda shimoni pamoja nao, nakipunguza kwa mkasi kikianza kuufunika. Upande wa mizabibu nimeacha nafasi kubwa, maana msandali hauchagui sana wa kumkopa, na mizabibu yangu ina madeni yake tayari.

Maji nayo nilijifunza kwa kuchelewa. Msandali hautaki kukaa na miguu majini. Sehemu ya chini ya shamba, penye udongo mweusi unaotuamisha, sikupanda kabisa. Kwenye udongo mwekundu wa kichanga nilitumia chupa za maji za lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kwa sindano, zimechomekwa kichwa chini kando ya mche. Dumu la lita 20 linahudumia miche 13. Mwaka wa kwanza mara mbili kwa wiki, wa pili mara moja, wa tatu tuliacha. Mbuzi wanaupenda sana, hivyo miba ya mgunga inakwenda kwenye uzio. Mchwa wa huku mnawajua: matandazo weka, lakini yasiguse shina, acha kiganja kimoja wazi. Migunga ikizidi kivuli ikatie. Mche mdogo unapenda kivuli chepesi, ukikua unataka jua.

Kuna jambo la karatasi, na hili natamani ningelijua kabla ya kuingia ule ukumbi. Pale semina tulionyeshwa picha za miti miwili tofauti kana kwamba ni mmoja. Upo msandali wa India, Santalum album, ndio niliopanda. Na upo msandali wetu wa asili, Osyris lanceolata, kichaka cha milimani na kwenye miamba, nao pia nusu kimelea, nao una mafuta. Huo wa asili watu wameuvuna kwa kuung'oa na mizizi, kwa kuwa mafuta yamo hadi mizizini, kwa hiyo haubaki hata kisiki cha kuchipua. Kenya walipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na tangu 2013 wa Afrika Mashariki umo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wanaohitaji ulinzi. Kuuza nje bila vibali ni kujitafutia kesi.

Nilikuwa sijui uzito wa hilo mpaka 2022, bwana mmoja alipokuja na bodaboda kuuliza kama mimi ndiye mama mwenye msandali. Alikuwa mpole, ananiita mama kila baada ya neno. Alitaka tu "tushirikiane": yeye ana mzigo kutoka milimani, mimi nina shamba linalojulikana, mzigo utoke kwa jina langu. Bei aliyoitaja ingelipa kikoba chote. Nilimkaribisha maji, nikamwambia mume wangu ndiye msemaji wa mambo hayo. Hakurudi. Wiki ileile nilikwenda ofisi ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na risiti zangu za miche, nikaeleza nina miti mingapi, ya aina gani, kitalu gani. Tangu hapo nina daftari: tarehe ya kupanda, idadi, iliyokufa, picha za kila mwaka. Siku ya kuvuna nitahitaji kuthibitisha kwamba mti ni wangu na si wa mlimani, na siwezi kuanza kutafuta ushahidi siku hiyo. Hata huko India, Karnataka na Tamil Nadu, mkulima alikuwa na msandali shambani kwake lakini mti ukihesabiwa mali ya serikali, hadi sheria zilipolegezwa 2001 na 2002. Mti wenye thamani kubwa huwa na wakubwa wengi.

Sasa mnauliza, umepata kiasi gani? Kwenye msandali, sifuri. Kiini, ile sehemu ya ndani yenye mafuta na harufu, huanza kujijenga mti ukikaribia miaka kumi hivi, na wanaovuna vizuri husubiri 15, 20 na zaidi. Mti wangu mmoja wa 2019 ulivunjwa na upepo ukiwa na miaka minne. Niliupasua kwa panga nikanusa. Nikampa mume wangu, naye akanusa. Harufu ya mti. Kuni za kawaida kabisa. Alicheka, kicheko cha kwanza kuhusu msandali ndani ya nyumba ile, nami nikaona kuna kitu kimefunguka.

Shamba hilohilo lakini limenipa mbaazi misimu minne, kunde katikati ya mistari, kuni za kukatia migunga, na tangu tumetundika mizinga sita kwenye miti ya zamani, asali ya kutosha kuuza na kubakiza ya nyumbani. Hiyo ndiyo iliyomaliza deni la kikoba, mwaka 2023, mwaka mmoja na zaidi baada ya muda niliowaahidi wenzangu. Ada ya kijana ililipwa kwa kuuza ng'ombe wawili, na ng'ombe hao hatujawarudisha. Mtu akiniuliza leo apande ekari ngapi, namwambia miti 50, mahali anapopaona akiwa mlangoni kwake, kwa pesa ambayo hata ikipotea watoto watakula. Wengi hawalipendi jibu hilo. Mmoja aliniambia ninawaficha wenzangu utajiri.

Ninayo sasa miti 97 ya awamu ya pili na 38 ya ile ya kwanza. Mikubwa imenipita urefu. Mwaka jana ilizaa matunda madogo, yakiiva yanakuwa meusi, na ndege wanayagombania kuliko zabibu. Nilianza kukusanya mbegu, nikazisafisha nyama yake, nikazipanda kwenye mchanga zikiwa mbichi, na katika mia zikaota chini ya thelathini. Bado najifunza hapo.

Wiki iliyopita mama mkwe alinituma nikamchumie mbaazi za mboga. Chini ya mbaazi moja kuukuu, mahali ambapo hatukuwahi kupanda kitu, nikaukuta mche wa msandali wa majani sita, umeletwa na ndege bila shaka. Nilimwita aje auone. Aliinama taratibu, mgongo unamsumbua siku hizi, akauangalia, akaangalia mbaazi iliyo juu yake.

"Huu nao utakuja kuung'oa?" akaniuliza.

Nikatafuta vijiti vitatu vya miba, nikauzungushia.